Glavu za Upande wa Pili

Jumatatu Gleb Arkadyevich aliingia chumba 317 bila kubisha, akaweka kisanduku cha kiberiti juu ya kibodi yangu.

"Fungua."

"Sivuti sigara."

"Fungua, Rimma Vsevolodovna."

Ndani, juu ya pamba, kulikuwa na vidonge viwili vya metali, kila kimoja na upana wa kifungo cha koti. Vyote viwili vilikuwa na ufa.

"Cha ishirini na tatu na cha ishirini na nne tangu Aprili," akasema. "Modeli yako inasemaje?"

"Inasema vitoke vizima."

"Ajabu. Daktari anasema mzima, mgonjwa yuko kaburini."

Gleb Arkadyevich ni mkuu wa maabara yetu, na nimemzidi miaka tisa. Ni mtu mwerevu, hana ubaya, ila hajawahi kuniletea habari yoyote akiwa amekaa. Alisimama karibu na dirisha, akakwaruza kwa ukucha karatasi niliyozibia nyufa za fremu isiingize baridi, akanieleza. Ijumaa kuna kikao. Kama modeli haiwezi kusema kwa nini vidonge vinapasuka, haina kazi. Chumba watapewa watu wa leza. Mimi nitashushwa ghorofa ya pili, kusahihisha ripoti za mwaka.

"Unaandika vizuri," akasema. Alidhani ananifariji.

Kazi yetu, kwa asiyeijua, ni hii. Chini kabisa, kwenye ukumbi wa mashine, kuna unga wa shaba na tungsteni wenye chembe ndogo kuliko za moshi. Unga huo hujazwa kwenye kalibu ya duara, hukandamizwa kwa punchi mbili, nguzo fupi za chuma, moja juu na moja chini, na wakati uo huo umeme mkali hupitishwa katikati yake kwa mapigo mafupi. Chembe hupata moto pale zinapogusana, zinashikana, na kabla hujamaliza kupiga chafya unga umeshakuwa kidonge kigumu kuliko chuma. Anayefanya hayo ni Saveli Prokopyevich. Mimi huku juu nafanya yayo hayo bila unga, bila umeme, bila moto. Nayaiga ndani ya kompyuta, ndiyo modeli yenyewe, kisha nampa namba: shinikizo kiasi hiki, mapigo mangapi.

Simpi mkononi. Tuna daftari, limefungwa kwa kamba kwenye reli ya ngazi pamoja na penseli. Watu wa juu wanaandika wanapopita, watu wa chini wanajibu wanapopita. Hakuna aliyetoa amri hiyo. Lakini katika miaka kumi na mmoja nilikuwa nimeshuka kwenye ukumbi wa mashine mara nne, na moja ya hizo ilikuwa bomba la maji limepasuka.

Modeli niliiandika pamoja na Innokenti. Kompyuta yetu ni kongwe, na kuiga kidonge kizima kungeila siku mbili. Innokenti ndiye aliyepata njia ya mkato. Kidonge ni duara, alisema, upande wowote ni sawa na mwenzake. Basi tuige robo tu, na kwenye kingo zake mbili tuweke vioo. Si vioo vya kutazamia. Ni mistari ya programu inayoiambia ile robo kwamba ng'ambo ya ukingo kuna robo nyingine, inafanya yale yale inayoyafanya yenyewe. Robo inaamini haiko peke yake, hesabu inatoka sawasawa, na kazi ya siku mbili inaisha kwa saa tano. Kila mtu wa kazi hii hufanya hivyo. Si udanganyifu.

Juu ya mistari hiyo Innokenti aliandika maneno ambayo kompyuta huyaruka, yaliyo kwa ajili ya macho ya mtu: *Rimka, hapa usiguse. Duara ni duara.*

Huu ni mwaka wa sita tangu ahamie nchi yenye joto. Kila Mwaka Mpya hunitumia picha ya bahari, ile ile anayowatumia watu wengine arobaini. Hakuna mwingine aliyewahi kuniita Rimka, mama yangu ukimwondoa, na mama ameshafariki. Kwa hiyo kila asubuhi nafungua faili, nashuka mpaka mstari wa 2140, nausoma, ndipo naweka maji ya chai. Wengine wana paka.

Siku hiyo ya Jumatatu nilivipanga vidonge vyote ishirini na vinne kwenye kizingiti cha dirisha. Nje kulikuwa na baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri, na mwanga wa theluji ulikuwa mkali wa kutosha kuonyesha kila kitu. Kalibu ya Saveli ina mkwaruzo wa zamani ndani yake, unaoacha mstari mwembamba ubavuni mwa kila kidonge. Nilivigeuza vyote, mistari yote ikanielekea mimi.

Nyufa zote zikawa upande wa kushoto.

Nikakaa chini. Ufa wa kubahatisha hutokea popote. Ufa huu ulikuwa unajua kushoto ni wapi. Modeli yangu haikujua kushoto wala kulia. Ilikuwa robo moja na vioo viwili, na kwenye vioo kushoto na kulia ni kitu kimoja. Ningeiendesha miaka mia, isingeuona.

*

Jumanne asubuhi nilishuka. Nilisimama mlangoni pa ukumbi nimenyoosha kile kisanduku cha kiberiti.

"Nimekurudishia vidonge, Saveli Prokopyevich."

"Usinipe kitu kizingitini," akasema, mgongo wake ukiwa kwangu. "Ingia au toka. Mikosi ninayo ya kutosha."

Nikaingia.

"Na viatu."

Nikavua buti. Ukutani palikuwa na jozi mbili za ndara za manyoya, kubwa na ndogo. Nikanyoosha mguu kwenye zile ndogo.

"Hizo acha."

Nikabaki na soksi. Ndipo akageuka. Ni mtu mfupi, mpana, mwenye nyusi nyeupe zilizoungua mara nyingi na kuota tena bila mpango.

"Siku hizi watu wa juu wanashuka? Lifti imekata kamba?"

"Hatuna lifti."

"Ndiyo maana nashangaa."

"Nataka kukuona ukijaza."

"Nikijaza! Miaka thelathini na miwili najaza. Kwani hiyo modeli yako haijui kwamba unga hujazwa? Inadhani unanyesha toka mawinguni?"

"Ndiyo," nikasema. "Inadhani hivyo hasa."

Akanitazama. Kisha akacheka kwa pua. "Angalau wewe unakiri. Yule mwenzio mrefu alikuwa mbishi."

Unga ule ukiguswa na hewa unashika moto, kwa hiyo hufanyiwa kazi ndani ya sanduku kubwa la kioo na chuma lililojaa gesi tulivu. Mtu husimama nje, akiingiza mikono kwenye glavu nene za mpira zilizofungwa kwenye matundu. Sanduku la Saveli lina matundu manne, mawili upande wake na mawili ng'ambo, kwa watu wawili wanaotazamana. Gesi ya ndani ina msukumo kidogo, na glavu isiyo na mkono ndani yake haining'inii. Hutokeza nje, imevimba, vidole vimetanuka. Zile za ng'ambo zilikuwa zimetokeza hivyo, zikinigusa tumbo kwa jinsi nilivyosimama karibu. Zilikuwa ndogo kuliko zake.

Akaingiza mikono, akajaza. Vijiko vitano vya unga, kijiko cha pembe. Kisha akachukua kisu bapa, akausawazisha unga kwa mkupuo mmoja, kutoka kushoto kwenda kulia. Akagonga kalibu mara mbili, akafunika.

"Umeona? Ni kama kupaka siagi kwenye mkate. Hakuna siri."

Lakini mimi nilikuwa nimeinamia kioo, natazama sakafu ya sanduku. Chuma chote kilikuwa kimefifia kwa unga wa miaka, isipokuwa pale kalibu inapokaa. Pale palikuwa na duara limesuguliwa likang'aa.

"Hili duara limetoka wapi?"

"Duara gani?"

"Hili. Kama sahani iliyozungushwa hapo miaka."

Alitoa mikono kwenye glavu, mmoja mmoja, kama mtu anayevua soksi zilizolowa.

"Klava huyo," akasema.

Mkewe, Klavdia Yemelyanovna, alikuwa fundi mwenzake. Alifariki Aprili. Nilitia sahihi kwenye kadi ya rambirambi iliyopitishwa vyumbani, nikarudi kwenye kazi zangu, na siku tano baadaye kidonge cha kwanza kikapasuka, na mimi sikuunganisha mambo hayo mawili. Ningeyaunganishaje? Lake lilikuwa kwenye kadi, na la kidonge lilikuwa kwenye daftari.

"Hakuweza kutulia," Saveli akaendelea. "Mimi najaza upande huu, yeye upande ule ameshika kalibu, anaichezea kwa vidole, anaizungusha, huku anaongea. Viazi vimepanda bei, mkwe wa dada yake mlevi, sijui nani kazaa. Miaka ishirini na mitatu namwambia: acha kuchezea kalibu, mwanamke, hiki si kinu cha bibi yako! Anaacha dakika moja. Halafu anaanza tena."

"Kwenye daftari hukuwahi kuandika kwamba inazungushwa."

"Niandike nini? Kwamba mke wangu ana mikono isiyotulia?"

Nilikuwa nimeshaelewa. Kisu kinasukuma unga kulia, kulia kunashindiliwa, kushoto kunabaki kwepesi. Umeme ni mvivu, hupita pale palipo rahisi, na palipo rahisi ni pale chembe zilipobanana. Kulia kunawaka na kushikana kwanza, kunabeba shinikizo lote, na kushoto kunaachwa mpaka kunapasuka. Mkono unaoizungusha kalibu wakati wa kujaza ulikuwa unautawanya unga sawasawa kabla kisu hakijafika. Kidole kimoja hakivunji chawa, nao walikuwa wawili, na hakuna hata mmoja aliyejua.

Sikumwambia. Nilisema nahitaji vipimo. Akajaza tena, akachomeka sindano yenye uzito mdogo juu yake mahali panane kuzunguka duara, akanisomea imezama kiasi gani. Kulia ilizama kidogo. Kushoto ilizama mno. Alisoma namba zote nane kwa sauti moja, kisha akaipangusa sindano na kuirudisha mahali pake.

*

Nilirudi juu nikafungua mstari wa 2140. Ili kompyuta ione duara zima, vioo sharti viondoke. Nilikuwa na nakala, bila shaka. Kila mtu ana nakala. Lakini nakala hukai nayo asubuhi. Nikaisoma mara moja tena ile sentensi, nikafuta kuanzia hapo mpaka mstari wa 2216. Nikaingiza namba nane za sindano. Nikabonyeza, kompyuta ikaanza kunguruma.

Ilinguruma Jumanne yote, na Jumatano. Asubuhi ya Jumatano nilikifungua kile kipande cha programu kwa mazoea, macho yakaenda mahali pasipo na kitu. Nikaweka maji ya chai mapema kuliko kawaida.

Gleb Arkadyevich alipita, akasimama mlangoni.

"Nasikia ulishuka."

"Nilishuka."

"Niambie tu, ni mkono wa mzee? Umri wa kustaafu ameshaupita. Kama ni yeye, Ijumaa itakuwa kikao kifupi, na wewe unabaki na chumba chako."

Hapo ndipo nilipojua chumba changu kingeweza kununuliwa, na kwa gharama ya nani.

"Bado inahesabu," nikasema.

Alhamisi, kabla ya chakula cha mchana, picha ikatoka. Duara zima, la kwanza kuliona katika miaka tisa ya modeli ile. Kulia lilikuwa jekundu, na kushoto lilikuwa na mstari mweusi, pale pale, kiasi kwamba nilichukua kidonge cha ishirini na mbili nikakiweka juu ya karatasi na ufa ukakaa juu ya ufa.

Nilishuka na picha hiyo. Safari hii niliingia moja kwa moja, nikavua buti, nikampa.

Akaitazama, ameisogeza mbali na macho kama wafanyavyo wenye umri wake.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ni kisu. Kinausukuma unga."

"Na kisu kiko mkononi mwa nani?"

"Mkono ndio huo huo wa miaka yote, Saveli Prokopyevich. Na vidonge vilikuwa vinatoka vizima."

"Kwa sababu ya..." akasema.

Akanigeuzia mgongo. Ulikuwa wakati wa chakula. Alikunjua gazeti mezani, akakata mkate mweusi vipande viwili, akakata mafuta ya nguruwe yaliyotiwa chumvi vipande viwili, akaweka kitunguu katikati. Kisha akasimama akivitazama vile vipande viwili, na nikaona kwamba hakuvikata kwa ajili yangu.

"Nami nilikuwa namkemea," akasema.

Nilibaki nimesimama kando ya meza.

"Kula," akasema. "Usisimame kama mkaguzi."

Tukala. Alipomaliza alipangusa kisu, akaniuliza: "Una pete?"

"Sina."

"Saa vua. Osha mikono. Nenda ng'ambo."

Glavu za Klavdia zilinitosha. Ndani zilikuwa na baridi na poda kavu, na kwenye viungo vya vidole mpira ulikuwa umeshazoea kukunjika, ukanikunja vidole vyangu kwa namna isiyo yangu. Nikashika kalibu. Kupitia kioo nilimwona Saveli amekitazama kijiko tu.

"Niizungushe upande gani?"

"Wowote. Alikuwa hana utaratibu."

Nikaanza kuizungusha polepole. Hakumimina.

"Ongea," akasema.

"Niongee nini?"

"Chochote. Kujaza kwa kimya kumenishinda tangu Aprili."

Nikatafuta. Bei ya viazi sikuijua. Nanunua vitatu vitatu, siangalii. Dada sina. Hakuna aliyezaa. Mikono yangu ilizunguka raundi nzima kabla sijapata la kusema, ndipo nikamweleza juu ya mstari wa 2140, na yale maneno, na kwamba kila asubuhi nilikuwa nayasoma kwanza.

Akamimina kijiko cha kwanza.

"Yule mrefu?"

"Yule."

"Alikuwa anakula mafuta yangu bila kuomba." Kijiko cha pili. "Na umeyafuta?"

"Ilinibidi. Vioo vilikuwa vinaficha ufa."

"Hm." Cha tatu. "Zungusha, zungusha, usilale."

Kidonge cha ishirini na tano kilitoka kizima. Alikigonga kwenye ukingo wa meza, kikalia kama kengele ndogo. Akakigonga tena. Hakunipa, wala mimi sikuomba.

*

Ijumaa kwenye kikao nilisema hivi: mpaka Aprili kalibu ilikuwa ikizungushwa wakati wa kujazwa; tangu Aprili haizungushwi; jambo hilo halikuandikwa popote, wala kwenye daftari la chini wala kwenye programu ya juu; sasa modeli inaliona. Sikutaja mkono wa mtu. Gleb Arkadyevich alingoja nimtaje mzee, akaona sitamtaja, akaiingiza picha yangu kwenye ripoti kwa jina langu. Chumba 317 kikabaki changu.

"Sasa mtaizungusha vipi?" mtu akauliza. "Tuajiri fundi wa pili?"

"Mota," akasema Saveli, aliyekuwa amekaa karibu na mlango. "Ndogo, kama ya saa ya ukutani. Nitaitengeneza mwenyewe."

Nilimfuata kwenye korido.

"Naweza kushuka mimi, Saveli Prokopyevich. Ni dakika kumi tu kwa asubuhi. Hainisumbui."

Alisimama. Alikuwa amevaa koti la kikao, lenye kola iliyombana.

"Najua haikusumbui, binti yangu," akasema. "Lakini mimi nikizoea tena, nitafanyaje?"

Akashuka ngazi, mkono kwenye reli.

Mota aliimaliza kwa wiki mbili. Nilienda kuiona mara moja. Kisahani kidogo kinazunguka pale pale penye duara lililong'aa, taratibu, hakisemi kitu. Matundu ya ng'ambo alikuwa ameyaziba kwa vifuniko vya chuma, skrubu nane kila kimoja, zimekazwa sawasawa. Sikuuliza glavu zilikwenda wapi. Ndara ndogo bado ziko ukutani.

Baada ya hapo Gleb Arkadyevich akataka niirudishe modeli kwenye robo. Alisema kweli: kalibu inazunguka, duara ni duara tena, hakuna sababu ya kuila kompyuta siku mbili. Basi siku moja ya Desemba, mchana, niliifungua nakala ya zamani, nikaichukua ile mistari ya vioo, nikaipachika mahali pake. Sentensi ya Innokenti ikaja nayo. Ilikuwa imekaa pale pale juu, kama mtu aliyetoka kununua mkate akarudi.

Niliisoma. Kisha nikaifuta hiyo peke yake, nikaandika:

*Hii ni kweli endapo tu kalibu inazungushwa. Mpaka Aprili aliizungusha Klavdia Yemelyanovna, kwa vidole. Sasa mota. Mota ikifa, ondoa vioo.*

Nikahifadhi. Nikatoka kwenda kwenye ngazi kutazama daftari. Hakukuwa na kitu kipya, ila kwenye mstari wa jana, kwa mwandiko wa Saveli: *Na. 38, kizima.* Chini yake pamebaki pa kujibu. Penseli ilikuwa imechongwa.